Medali ya Sultani Iliyopungukiwa Vibamba Viwili

Bwana aliyetoka Dar es Salaam kuja kuitazama alikubali mambo mawili upesi: kwamba medali ni ya kweli, na kwamba ni adimu. Kisha akaigeuza, akapitisha ukucha pale juu kibamba cha pili, kile kipande chembamba cha fedha, kinapoishia, akasema, "Lakini hii imekatwa." Bei aliyokwisha kuitaja ikashuka pale pale barazani, kahawa haijapoa. Ami yangu hakubishana naye. Alimwambia hatuuzi, wala hakuna aliyemwita kuja kununua. Amekuja mwenyewe kwa kusikia habari. Mgeni akamaliza kahawa yake, akala na halua, akaaga kwa heshima.

Tangu hapo kasoro hiyo haijanitoka akilini. Kwa upande wetu, kile alichokiona yeye kuwa upungufu ndicho kilichoifanya medali ile iingie nyumbani kwetu. Ingekuwa nzima isingetufikia.

Kabla sijafika huko, niondoe kwanza jambo moja njiani. Hapa Tanga ukisema tu una medali ya zamani, watu wanakukatiza: ya vita vya nyuki! Siwalaumu. Novemba 1914 ndiyo tarehe inayoujulisha mji wetu kwa watu wa mbali. Meja Jenerali Aitken wa Uingereza alishusha upande wa Raskazone jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawarudisha melini akiwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Nyuki waliotibuliwa kwa risasi wakauma watu bila kuuliza bendera, na Waingereza wakaondoka wameacha nyuma bunduki, risasi na rashasha ambazo adui yao alizifurahia sana. Ni hadithi tamu na wageni wanaipenda. Lakini medali yetu ilikuwa na umri wa karibu miaka ishirini nyuki wale walipokasirika, na haihusiani na Mjerumani hata kidogo, ila kwa mbali nitakapofika kwenye habari za reli.

Ni ya fedha, ya mviringo. Upande mmoja kuna sura ya Sultani Hamid bin Thuwaini wa Unguja, ametazama mbele, amevaa kilemba. Maandishi yake ni ya Kiarabu. Utepe wake wa asili ulikuwa mwekundu mtupu. Wa kwetu umebaki nyuzi chache zilizopauka, zimekwama kwenye kishikio kama vile hazitaki kutoka. Medali za namna hii huwa na vibamba vyembamba vya fedha vinavyopangwa juu yake, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kina jina la mahali palipopiganwa. Hii ya Sultani Hamid, ya mwaka 1896, ina vibamba vya majina manne: Pumwani, Jongeni, Takaungu na Mwele. Navyo vimeandikwa Kiarabu tu. Afisa wa Kiingereza aliyeivaa alikuwa amebeba kifuani majina asiyoweza kuyasoma.

Ami alisoma chuoni kabla hajapelekwa skuli ya serikali, kwa hiyo herufi za Kiarabu hazimsumbui. Kilichochoka ni macho. Siku aliponisomea, alinishikisha tochi ya simu, akaisogeza medali karibu na mbali, karibu na mbali, mpaka mwanga ukaingia ubavuni mwa herufi na vivuli vyake vikasimama. Cha chini akasoma Pumwani. Cha juu yake akasoma Jongeni. Halafu akagusa ukingo wa juu wa kile cha pili, palipobaki vijipande viwili vya fedha vilivyosawazishwa kwa tupa, akasema, "Na hapa ndipo palipokuwa na Takaungu, na juu yake Mwele."

Sasa, hayo majina manne si sawa kwa uzito, angalau kwa watu wa huku kwetu. Pumwani na Jongeni zilikuwa ngome za msituni katika nchi ya Witu, bara ya Lamu. Agosti 1893 Waingereza na askari wa Sultani waliziteka kutoka kwa watu wa Fumo Omari. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni vita ya mbali. Utaisikia, utasikitika, utaendelea na chakula chako.

Takaungu na Mwele ni habari nyingine. Mwanzoni mwa 1895 alifariki liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, Mmazrui. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikisimamia pwani ile ikaweka mtu iliyemtaka yenyewe, na Mazrui wengine wakakataa. Katikati ya mwaka kampuni ikakabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza, na ugomvi wa kurithi kiti ukawa vita. Mzee wa vita hiyo akawa Mbaruk bin Rashid wa Gasi, mtu aliyekuwa ameshapambana na masultani wa Unguja tangu enzi za Sayyid Barghash. Ngome yake kubwa ilikuwa Mwele, ndani ya msitu, kusini magharibi ya Mombasa. Agosti 1895 Admirali Rawson akaiteka. Mbaruk akaponyoka. Vita ikaendelea kwa kuviziana mpaka kilipoletwa kikosi cha Wabaluchi kutoka Bombay mapema 1896, na Aprili mwaka huo Mbaruk akavuka mpaka na mamia ya watu wake, wanawake na watoto wakiwamo, akajisalimisha kwa Wajerumani upande huu wetu. Gavana wakati huo alikuwa Hermann von Wissmann. Mbaruk akapelekwa kuishi Dar es Salaam na hakurudi tena Gasi kutawala.

Askari wa Sultani walikuwamo katika yote hayo, chini ya Lloyd Mathews, afisa wa jeshi la majini la Kiingereza ambaye Barghash alimpa kazi ya kumjengea jeshi la kisasa mwaka 1877, na ambaye kuanzia 1891 alikuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Unguja. Yaani jeshi la Sultani, pesa ya Sultani, amri ya Mwingereza, na adui ni watu wa pwani wanaozungumza lugha moja na hao wanaowapiga, wanaoswali kibla kimoja, wengine wamechanganya damu. Ukiisoma vizuri utaelewa kwa nini medali hii haikuwa kitu cha kutundika sebuleni Tanga, mji ambao watu wa Vanga, Gasi na Mombasa wanaingia na kutoka kama wanaokwenda sokoni.

Sultani mwenyewe hakumaliza mwaka. Alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akajitwalia jumba la kifalme, na siku mbili baadaye Rawson yule yule wa Mwele akalipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, naye akaishia Dar es Salaam. Basi Dar es Salaam ya Mjerumani ikawa na wakimbizi wawili wakubwa waliomkimbia Mwingereza, Mbaruk na Khalid, katika mji mmoja mdogo. Ningetoa pesa nzuri kujua kama walikuwa wakitembeleana siku za Idi, na nani alikuwa akianza kumwendea mwenzake.

Malkia Victoria naye alitoa medali kwa vita hizo hizo, ile ya Afrika Mashariki na Magharibi. Katika hesabu yake, Pumwani na Jongeni zimeingizwa kwenye kibamba kimoja, Witu, Agosti 1893. Mwele haikupewa kibamba kabisa; jina na mwaka vilichongwa ukingoni mwa medali, mahali ambapo hupaoni mpaka uambiwe. Sultani alitaja mahali panne, kila pahali na kibamba chake. Watu hupenda kusema kwamba Sultani wa 1896 alikuwa kivuli tu, na kweli tangu 1890 nchi ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na mfuko wa hazina ulikuwa mikononi mwa Mathews. Mimi naona mtu aliyebakiwa na machache hukitazama kile alichobaki nacho kwa makini zaidi. Hamid hakuwa na uwezo wa kuamua vita ipiganwe wapi, lakini shukrani aliweza kuitoa kwa sura yake, kwa herufi zake.

Hao Waingereza wenyewe wana mila ya zamani ya medali za mfukoni mwa mtu. Mwaka 1798 Nelson aliziteketeza meli za Ufaransa katika ghuba ya Abukir, Misri. Mfalme akatoa medali za dhahabu kwa Nelson na makapteni wake, basi. Wengine walisahauliwa. Akatokea mtu mmoja, Alexander Davison, wakala wa Nelson wa mambo ya ngawira, akaagiza medali kwa pesa yake kwa kila aliyekuwamo melini: za dhahabu kwa wakubwa, za fedha kwa maafisa waliofuatia, za shaba iliyopakwa dhahabu kwa wa chini yao, za shaba tupu kwa mabaharia wa kawaida. Inasemekana zilimgharimu karibu pauni 2,000. Zilipigwa Birmingham kwenye kiwanda cha Matthew Boulton, na ukingoni Davison aliandikisha jina lake na mtaa anaokaa London, ili mtu asije akadhani imetoka Ikulu. Baada ya vita ya majini ya Trafalgar mwaka 1805 Boulton naye akatoa za kwake, na zipo habari kwamba baadhi ya mabaharia waliopewa zile za madini hafifu walizitupa baharini kwa hasira. Serikali ilikuja kumkumbuka baharia wa kawaida wa vita hizo mwaka 1847. Ilikuwa imepita karibu nusu karne tangu Abukir, na aliyetaka medali yake ilibidi awe bado hai na aiombe mwenyewe.

Nimemleta Davison kwa sababu ya jambo moja: zawadi ya mtu binafsi inaruhusu mambo ambayo sheria haiyaruhusu. Medali ya serikali huwezi kuipunguza ukampa mwenzio. Ina kanuni, ina orodha, ina mpangilio wa kifuani, nani anatangulia na nani anafuata. Ya zawadi ni yako. Unaweza kuitupa baharini kama mabaharia wale. Unaweza pia kuikata.

Nyumba yetu ina wazee wawili wa asili. Wa kwanza tunamwita Mzee Askari. Alikuwa mtu wa Ngazija aliyeandikwa jeshi la Sultani akiwa kijana, akaenda Witu, akaenda Takaungu, akaenda Mwele. Sultani wake alipokufa na Unguja ikavurugika, alitoka jeshini akavuka kuja Tanga. Wajerumani walikuwa wakijenga reli kutoka hapa tangu 1893 na walikuwa na njaa ya watu wanaojua kusimamia watu. Akawa nyapara wa vibarua. Wazee wanasema alikuwa anahesabu majembe asubuhi na jioni, na jembe likikosekana hali mpaka lipatikane.

Wa pili ni Mzee wa Moa. Yeye aliingia kwa miguu, mwaka ule ule wa 1896, katika msafara wa Mbaruk. Wenzake walipopelekwa Dar es Salaam alibaki huku juu karibu na mpaka, akapata shamba, akapanda minazi, akauza mbata. Nduguye wa tumbo moja aliuawa Mwele. Kaburi lake, kama lipo, hakuna aliyewahi kulizuru.

Reli ilikuwa imeshafika Mombo, yaani ni baada ya 1905, pale mtoto wa kiume wa Mzee wa Moa alipomtaka binti wa Mzee Askari. Posa ikapelekwa, ikajibiwa vizuri, mahari ikatajwa. Ni katika yale mazungumzo ya kuulizana ukoo, ambayo Tanga hayaishi hata baada ya watu kuoana, ndipo ikajulikana kwamba wakwe hawa wawili walikuwa Mwele siku moja, kila mmoja upande wake wa boma. Hapakutokea ugomvi. Mzee wa Moa alinyamaza tu. Alinyamaza siku hiyo, akanyamaza na siku zilizofuata, akawa anaitikia salamu na hasemi zaidi. Bibi yetu, yaani bi harusi mwenyewe, aliwaambia wanawe kwamba wanawake wa nyumba waliona heri angepiga kelele.

Usiku mmoja baada ya isha Mzee Askari alikwenda kwa mkwewe peke yake. Hakutanguliza mshenga wala kuchukua shahidi. Akampa medali imefungwa kwenye leso. Ilikuwa na vibamba viwili, Pumwani na Jongeni. Takaungu na Mwele havikuwapo.

Hivyo ndivyo ami anavyosimulia, naye ameipokea kwa baba yake, aliyeipokea kwa mama yake. Nilipomuuliza walisemezana nini usiku ule, akanijibu, "Mwanangu, walikuwa wawili tu, na wote wamekufa." Nilifurahi kusikia hivyo. Hadithi za wazee zikipita mikono mingi huota maneno mazito; kila babu anakufa akiwa ameacha kauli ya kutungwa. Hii haina kauli. Ina leso na vipande viwili vya fedha vilivyokosekana.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini umpe mtu medali uliyoipata kwa kumpiga? Ndiyo maana nimeeleza vita kwa urefu. Kilichobaki kwenye medali ile ni Witu, vita ambayo Mzee wa Moa hakuwa na deni nayo wala madai. Mzee Askari alitoa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo, lakini kwanza akaliondoa ndani yake lile jina ambalo mwenziwe asingeweza kulibeba. Angeweza kuifukia medali yote au kuiyeyusha, akanyamaza naye. Hilo lingekuwa rahisi, na sidhani kama lingemfanya mkwewe afungue mdomo. Ami anasema siku ya nikaha Mzee wa Moa alikuja na mbuzi zaidi ya waliokubaliana, na kwamba tangu hapo wale wawili hawakuwahi kuwa marafiki, ila mmoja akiugua mwingine alikuwa wa kwanza kufika.

Mzee wa Moa hakuivaa. Alipozaliwa mjukuu wa kwanza alimpa mkwewe wa kike, binti wa yule yule aliyeitoa, naye akampelekea sonara aitie pete na mkufu. Hivyo ndivyo ilivyogeuka kidani. Bibi aliivaa kwenye maharusi, sura ya Sultani kifuani pamoja na asumini, na mwalimu wa chuo alipomwambia haifai kuswali na sura shingoni, akawa anaivua na kuitia kikapuni pamoja na tambuu kila adhana ikilia. Ndiyo maana upande wa nyuma una doa la uwekundu ambalo halitoki, na mimi sitaki litoke.

Sasa nije kwa khalati, kwa sababu nikimwacha nitasikia.

Baba na mama yangu ni watoto wa ndugu, kama ilivyo kawaida ya watu wetu, kwa hiyo ami na khalati wote ni wajukuu wa bibi yule yule. Khalati ameipokea hadithi hii kwa mama yake, dada wa baba yake ami. Nayo ni tofauti. Anasema medali ilitolewa nzima, na vibamba vyote vinne, na kwamba vile viwili viliuzwa wakati wa vita vya pili vya dunia, mchele ulipokuwa haupatikani na mihogo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watu. Mama yake, wakati huo msichana, ndiye aliyetumwa kwa sonara. "Huyo ami yako anapenda mambo makubwa," khalati aliniambia huku akikuna nazi. "Watu walikuwa na njaa. Njaa haina historia?"

Nikaona niipeleke kwa sonara. Yule niliyemwendea, mzee wa Kihindi ambaye baba na babu yake walikuwa katika kazi hiyo hiyo hapa mjini, hakuuliza inauzwa au haiuzwi. Alibana lenzi jichoni, akaiinamia muda mrefu, akaigeuza kwa ncha ya kibano bila kuigusa kwa kidole. Pete ya kidani akaitambua mara moja kuwa ni kazi ya hapa, si ya kiwandani. Kisha akaniita niangalie mwenyewe. Pale juu ya Jongeni, vishikio viwili vimekatwa sawasawa kimo kimoja, na baada ya kukatwa vimepitishwa tupa laini pande zote mbili, hata pembe zimeviringishwa. "Aliyekata hakuwa na haraka," akasema. "Hakutaka ikwaruze nguo."

Nikarudi mbio kwa khalati nikiwa na ushahidi wangu. Mtu anayeuza fedha kwa ajili ya mchele hahangaiki kulainisha pembe! Khalati hakuinua hata kichwa. "Sasa huyo sonara aliyenunua angemrudishia mteja wake kitu cha kumchana?" Nikamuuliza, kwa nini basi wauze vibamba viwili vidogo na wasiuze medali yenyewe, yenye fedha nyingi zaidi? Akasema medali ilikuwa zawadi ya mkwe, na zawadi ya mkwe haiuzwi, ila vibamba waliviona ni nyongeza. Na kwa nini wauze hivyo viwili vya juu, vya Takaungu na Mwele, wasiuze vya Witu? Kwa sababu viko juu, akasema, ukikata huwezi kuanzia katikati.

Hapo nilishindwa, sifichi. Lakini moyoni niko upande wa ami, na sababu yangu si ya tupa wala ya fedha. Hadithi ya khalati haielezi ukimya wa Mzee wa Moa ulivyokwisha. Medali nzima, yenye neno Mwele juu kabisa, kupewa mtu aliyezika nduguye Mwele au hata hakupata kumzika: hiyo si zawadi, ni matusi, na mbuzi wa nyongeza wasingekuja. Khalati anasema Mzee wa Moa hakujua kusoma. Ami anasema alihitimu juzuu zote thelathini. Tumekaa hapo.

Wapo waliotushauri tuipeleke makumbusho ya Urithi, pale kwenye boma la zamani la Mjerumani, na shauri hilo silidharau hata kidogo. Tuna vitu vingi Tanga vilivyoozea kwenye masanduku kwa wivu wa wenyewe. Ami amekubali wapige picha. Kitu chenyewe hajakitoa. Hoja yake ni kwamba kwenye kabati la kioo itaandikwa medali ya Sultani Hamid bin Thuwaini, 1896, haijakamilika, na kila neno hapo litakuwa sahihi. Yule bwana wa Dar es Salaam pia alikuwa sahihi. Wakusanyaji wanazitaka zenye vibamba vinne, na kwa biashara yao wana haki.

Kwa hiyo tumeamua iwe na karatasi yake, itakayokaa nayo katika kile kijisanduku cha msaji. Kazi ya kuandika nimepewa mimi kwa kuwa nina maandishi mazuri, nami nimeandika masimulizi yote mawili, la ami kwanza kwa sababu ndiye mkubwa, la khalati chini yake, na maneno ya sonara mwishoni. Ami amelisoma la khalati kwa miwani yake mpya, mstari kwa mstari, akaguna. Amekubali kutia sahihi. Khalati bado. Anataka niandike vibamba viliuzwa kwa pishi tatu za mchele, ili watakaosoma wajue si kwa ulafi. Nikamuuliza tatu amezipata wapi, maana mwanzo hakutaja idadi. Akanijibu niandike kwanza, halafu ndiyo niulize. Ami naye, akitusikia kutoka barazani, akapaza sauti: kama ni pishi, ni za mpunga au za mchele uliokobolewa?